Beberu Uliyempelekea Jaji

Baba,

Leo nimetoka kanisani nikapitia Shauri Moyo, nikafungua nyumba yako na kukaa kwenye kiti chako. Hakuna aliyeniita Mama. Ulinipa jina la mama yako, ukanitania kwa kuniita Mama maisha yangu yote, na neno hilo halijatamkwa humu tangu tukuzike. Kazini naitwa Mheshimiwa Jaji, na siku hizi wanaoniita hivyo hawana neno jingine la kuniambia.

Mambo yameharibika. Yule jaji mkubwa uliyekuwa dereva wake miaka kumi na tisa anatuhumiwa. Wanasema alikuwa akiwapigia simu waliotusaili, akiwatajia majina ya watu anaotaka wapewe ujaji. Kamati inamchunguza, na sisi tulioapishwa mwaka jana tumeitwa mmoja mmoja kuandikisha taarifa. Zamu yangu ni kesho asubuhi.

Sikuwa na wasiwasi. Nilijua sijawahi hata kunywa chai kwake. Kumbe ulikwenda wewe.

Kilonzo ndiye aliyeniambia, rafiki yako muuza mbuzi wa Kiamaiko. Tulikutana juzi, akaanza kukusifu: "Babako alikuwa mtu, Ndanu! Wiki moja kabla uende intaviu, alikuja hapa kwangu akachagua beberu safi, hana doa. Akamwosha kwato, akamweka kwa buti ya gari ya serikali. Akaniambia, kwa mkubwa huendi mikono mitupu." Akacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana nilikuona akilini ukimbembeleza mnyama asikojoe kwenye zulia la serikali. Halafu nikaihesabu ile wiki moja.

Baba, ulimwambia nini? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua. Ulimwambia asante kwa miaka yote, jinsi watu wetu wa Ukambani wanavyomshukuru aliyewasaidia kulea watoto? Au ulimwambia, mkumbuke binti yangu? Wewe hukuona tofauti, najua. Kwako kushukuru na kuomba ni safari moja. Kwangu tofauti hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Unamkumbuka Wairimu, tuliyesoma naye sheria, aliyekuwa akimaliza muthokoi wako wote wa mahindi na maharagwe? Tulisailiwa siku moja. Yeye hakupata. Alikuwa ameendesha kesi nyingi kuliko mimi, na kwa ustadi kunishinda, lakini nilijiambia kwamba siku ile nilijieleza vizuri zaidi. Hashiki simu zangu tena. Mwanzoni nilikasirika, nikasema ni kijicho. Sasa nikisoma hukumu mahakamani najihisi nimevaa joho la mtu mwingine, na sina wa kumwambia.

Ningeweza kunyamaza. Kilonzo hajui uzito wa alichosema, yule jaji mkubwa hawezi kujichongea, na wewe umelala. Nimekaa hapa tangu saa saba nikijaribu kuipenda njia hiyo, na imenishinda.

Nakumbuka ukinipigia sare ya shule pasi ya makaa kabla ya kwenda kazini, ukilamba kidole kupima joto. Ulikuwa ukisema, "Ukivaa hivi, Mama, nani atajua tunalala sita chumba kimoja?" Hukuvumilia hata kunjo moja. Ulitaka nipite mbele ya watu bila wao kupata la kusema. Ndiyo maana naumia, kwa sababu hata huyo beberu ulimpeleka kwa moyo uleule.

Kesho nitaeleza yote niliyoyasikia. Wairimu atayasoma magazetini kama watu wengine, na sitegemei anipigie. Huenda nikavuliwa ujaji. Wakiniuliza kama niliustahili, nitajibu kwamba sijui, na aliyeweza kuniambia nimemzika.

Uniwie radhi, Baba. Uliishi miaka sitini bila kuandikwa popote kwa ubaya, na mimi uliyenisomesha ndiye nitakayekuandikisha.

Pumzika sasa. Nakuahidi kwamba mbele yao sitakulaumu hata kwa neno moja. Nitasema ulinipenda. Kukulaumu nitakulaumu humu ndani, peke yangu, mlango nimeufunga, mpaka nichoke, kisha nitalia.

Binti yako,
Ndanu