Kidole cha Pacha Wangu Nikitoe Mimi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada na uje haraka, maana kliniki ya pacha wangu ni Alhamisi na nina furaha na hofu kwa pamoja. Mimi ni fundi rangi, pacha wangu anapokea simu za wateja zamu ya usiku, na tumefanana hivi kwamba mtaani wanatuita Fotokopi na hata shemeji, mume wake, amewahi kunigombeza mimi kwa shati aliloliunguza yeye. Mwenzangu ana kisukari, kidonda cha mguuni hakifungi, na daktari kasema sukari ikiwa juu tena anaanza sindano za insulini, naye sindano anaiogopa kuliko nyoka. Juzi walitupima mafundi wote kwenye jengo tunalopaka, sukari yangu ikawa safi, nikampigia simu kwa vigelegele, kwamba kama tulitoka yai moja basi naye ni mzima, mashine ya kliniki yake ndiyo mbovu. Akacheka, akasema, "Basi kakae wewe kwenye kile kiti, utoe kidole, yaishe." Mama kaafiki, ingawa anasema ugonjwa huu ni wa ukoo, bibi alikuwa nao, na aliyeandikiwa kaandikiwa. Mshauri, damu si ni ileile? Niende?

Fotokopi

Wewe Fotokopi, shuka kwenye ngazi, weka brashi chini, unisikilize. Usithubutu. Mapenzi yako ni makubwa, lakini yanakaribia kumkata mwenzako mguu.

Mlizaliwa na kitabu kimoja cha chembe za urithi, kweli. Lakini mwili hausomi kurasa zote kwa sauti moja. Juu ya maandishi kuna vialama vya kemikali ambavyo havifuti hata herufi; vinasema tu, hapa soma, hapa nyamaza. Elimu hiyo ni epijenetiki, na tangu niisome sijatulia, kwa sababu inawavua nguo wote wanaohubiri kwamba damu ni hukumu. Chakula, moshi wa sigara, usingizi, hata njaa ya mama mjamzito vinaweza kuvigusa. Mlipotoka tumboni vialama vyenu vilikaribia kulingana. Kisha wewe ukapanda ngazi mchana kutwa, yeye akakaa kitini usiku kucha na soda mkononi.

Hujawahi kupaka kopo moja kwenye kuta mbili, mmoja mkavu, mwingine una unyevu? Huu unang'aa, ule unabambuka. Utamwonyesha mwenye nyumba ule mkavu, umwambie zote ni nzima?

Na wewe Mama, heshima yako, lakini umenikera. Ukoo unarithisha uwezekano. Ushahidi umeuzaa mwenyewe: mabinti wawili, yai moja, mmoja mgonjwa, mmoja mzima.

Ila asije muuza mizizi akawaambia vialama vinasafishwa kwa chupa moja. Mwongo huyo, mfukuzeni.

Alhamisi nendeni wote. Yeye atoe kidole chake, avue na kiatu, daktari auone mguu. Akipewa sindano, achome. Aombe pia kuhamishiwa zamu ya mchana. Wewe toa chako baada yake, na urudi kila mwaka, maana kitabu hichohicho unacho. Mmezoea kusimamiana tangu utoto. Safari hii simama kando yake, usisimame mahali pake.