Daktari Nora na Uji wa Chola

Lubumbashi, Jumapili kabla ya misa

Papa Mwewa, mume wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu watoto, halafu nyumba yote. Kifua chako kimetulia? Huku baridi imeanza kuuma, na kila nikivaa sweta najiuliza kama nawe umevaa yako. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu rezo ya simu huko kwetu Kilwa inakatika kila tukifika kwenye jambo la maana, na hili nataka ulisome polepole.

Uliniuliza kazi inaendaje, nikakujibu kwa mkato. Nilikuwa na haya. Unakumbuka tulivyofurahi hospitali iliponiita kuwatafsiria waganga Waamerika wanaoshona watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka? Nimefundisha Kiingereza miaka hii yote, na Wazambia wakija Kilwa tunaongea vizuri tu. Basi siku ya kwanza Daktari Nora, yule anayewalaza watoto usingizi kabla ya kupasuliwa, alianza kusema, na mimi sikushika kitu. Maneno yalitoka yameshikana kama ugali wa bukari ambao haujakatwa. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa upole, mbio zilezile. Jioni nililia jikoni kwa Mama Ngalula, muuguzi wa Kasai aliyenipa chumba, nikamwambia heri nirudi nyumbani.

Yeye aliendelea kuchambua majani yake ya sombe, kisha akaniambia, “Ule mama hasemake mubaya. Masikio yako njo inangojea Kiingereza ya kitabu. Umuombe sauti yake, usikie kiloko kiloko.”

Nikamwomba daktari ruhusa ya kumrekodi kwa simu. Alicheka, akanisimulia habari za mbwa wake na bustani ya mama yake. Tangu hapo kila asubuhi nakaa uani na sentensi moja, naisikiliza kidogo kidogo mpaka nisikie alichosema kweli, si kile ninachodhani kimeandikwa. Halafu naifuata kwa sauti, na mwendo wake. Majirani walidhani nimeingia kanisa la kunena kwa lugha.

Nimejifunza mengi, Papa Mwewa. Ile t ya katikati ya neno hawaigongi kama sisi. “Water” kwao ni kama “wara”. Na maneno “can” na “can't”, yaani anaweza na hawezi: mimi niliwafundisha watoto wasikilize t ya mwisho. Daktari Nora hiyo t anaikatia kooni, huisikii. Tofauti iko mahali pengine. Lile la anaweza analipitia haraka, linabaki “kn” tu. Lile la hawezi analikazia na kulivuta kidogo. Nilipolishika hilo niliruka kutoka kigodani kwa furaha, peke yangu.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja kutoka Kasenga na binti yake Chola, mtoto anayeanza kutembea. Bibi yake alikuwa pamoja nao. Asubuhi ya kupasuliwa Chola alilia njaa, na bibi akatoa uji wa moto kwenye termosi. Daktari Nora alikuwa anapita mbio kwenda chumba cha upasuaji. Niliuliza: mtoto anaweza kula? Akajibu akitembea, na mlango ukajifunga nyuma yake. Nilisikia uji, nikasikia wara. Mbele ya uji lile neno la “can” lilikaziwa. Mbele ya maji lilipita haraka.

Nikamwambia mama yake asimpe uji, ampe maji kidogo tu. Bibi alinitazama kwa uchungu. “Mutoto analia na njala, na weye unamukataza? Uko na hakika?”

Siku za kwanza ningesikia kinyume chake kabisa. Nilimwomba bibi azuie kijiko kwanza, nikaenda nikagonga mlango ule ambao haturuhusiwi kuugonga. Nikamrudishia daktari maneno yake kwa sauti yake mwenyewe, nikikaza alipokaza. Alishusha barakoa, akasema nimesikia sawasawa. Uji ukiwa tumboni, mtoto akilazwa kwa ile dawa, unaweza kupanda na kuingia mapafuni, akafa.

Nilirudi nikawaeleza. Bibi alifunga termosi, akanipa Chola nimbebe. Tulipokezana kumbeba kwenye korido tukimwimbia, mpaka walipomchukua.

Jana walikuja, Chola atolewe nyuzi. Mdomo umeungana vizuri, umebaki mstari mwembamba. Chola aliutazama uso wa mama yake, akabana midomo yake miwili kwa mara ya kwanza, akatoa “mm”, halafu “ma”. Mama yake akanigeukia kana kwamba nimtafsirie. “Umesikia? Amesema nini?” Nami machozi yalinitangulia.

Waganga wanaondoka mvua zikianza, nami nitapanda lori la kwanza. Darasa langu nitaliambia lifunge vitabu kwanza, lisikilize.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya magoti nimeipata. Msalimu mdogo wako Kapya wa pikipiki, apunguze mwendo. Mwewa, kifungua mimba wetu, amsaidie dada yake hesabu, na mdogo wao umbusu shavuni.

Kutwa nzima huku nayafuata maneno ya watu kwa kukaza masikio. Nataka kukaa nawe jioni moja hivi, mlangoni petu. Wewe hata ukinyamaza nakuelewa.

Ni mimi, mke wako,
Mama Mwewa