Joho la Mchungaji Liko Mezani, Mkasi Umenishinda

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali nivumilie maana barua hii haina mpangilio, naiandikia juu ya meza ya kukatia nguo na kila kivuli kikipita mlangoni naficha karatasi chini ya kitambaa kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na mmoja, nina mume na binti mmoja wa miaka kumi na moja ambaye kwa kuongea hana breki, ndiyo maana tunamwita Kasuku. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye utani, mimi ananiita Bi Mlango kwa sababu silali wala siogi mahali ambapo mlango umefungwa, na dukani nimening'iniza kengele juu ya mlango ili mtu asinikute nimeinamia mashine, mteja akinigusa bega nashtuka mpaka namwaga pini zote, watu wanacheka nami nacheka nao, na miaka kumi na miwili ya ndoa mume wangu hajajua hayo yote yalianzia wapi.

Yalianzia kanisani. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nafagia chumba cha kuvalia majoho, kazi ya heshima, wasichana tulikuwa tunaigombania, na mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa akiingia anafunga mlango. Sitaandika zaidi, mshauri, mkono unakataa, ila alinifanyia ambayo mtu mzima hamfanyii mtoto, si mara moja, na kila mara alimalizia kwa kuniombea. Nikamwambia mama yangu. Alinizaba kofi, akasema namtia doa mtumishi wa Mungu, akanikokota mpaka kwa mchungaji nikapiga magoti nikamwomba radhi, naye akanisamehe mbele ya mama, na mama akamshukuru. Mwaka uliofuata alihamishwa, sababu haikusemwa, nami nikafunga mdomo.

Sasa amerudi, ana mvi, watu wanalia kwa furaha. Akina mama wa kanisa, ambao mwenyekiti wao ni mama yangu, wamenunua kitambaa cha joho jipya la kumkaribisha, wakasema fundi tunaye wa nyumbani, ya nini kuhangaika. Mama akaniambia niende nikampime. Nikasema mtu mzito kama yule hapimwi pimwi, waniletee tu joho lake la zamani nichukue vipimo humo, na hilo si uongo, wateja wa mbali tunawafanyia hivyo. Nilijiona mjanja kweli. Kesho yake nashona sare za shule, kengele ikalia, akaingia Kasuku amekumbatia joho la zamani. Bibi yake alimtuma akalichukue, peke yake.

"Mama, Baba Mchungaji anakusalimia sana! Anasema anakukumbuka ulivyokuwa mdogo, eti mimi ni wewe mtupu. Halafu nimechaguliwa! Nitakuwa nafagia chumba cha majoho kila Jumamosi, bibi ameshakubali!"

Niliziacha sare kwenye mashine, nikamsogelea. Nikamuuliza, "Mlango ulikuwa wazi?"

"Mama na wewe na milango yako! Tulikuwa nje, barazani."

Jumamosi iliyopita nilisema ana homa. Mtoto mzima, tangu asubuhi anaruka kamba, nikamlaza chini ya blanketi. Mama akaja na dawa, akamgusa paji la uso, akanivuta pembeni. "Huyu hana homa. Una nini wewe? Lile jambo lako umeliamsha tena?" Kumbe hajasahau, mshauri! Miaka yote nilijipa moyo kwamba amesahau. Akasema Jumamosi hii anakuja mwenyewe kumchukua.

Joho liko hapa mezani, nikilikunjua harufu yake inanirudisha kulekule na mkasi unanidondoka. Naogopa mume wangu ataniona mchafu, naogopa watasema namchafulia jina mzee wa watu, naogopa kuitwa mwongo mara ya pili wakati ile ya kwanza sijapona. Ila kuliko yote naogopa siku Kasuku atakaporudi nyumbani kimya. Nishone ninyamaze, nimlinde mtoto kwa visingizio, au niseme? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Bi Mlango


JIBU

Bi Mlango mwanangu, marahaba.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni na wanaolalamikia mawifi, watanisamehe. Nimeisoma nimesimama, na chai ikapoa. Nianze na neno ulilostahili kuambiwa ukiwa na miaka kumi na miwili: nakuamini. Hukumkosea yule mtu kitu. Radhi ile ulilazimishwa kuiomba wewe uliyeumizwa, na kila nikiifikiria damu inanichemka.

Sasa nikugombeze kidogo. Hizo homa acha. Leo homa, kesho tumbo, keshokutwa jino, halafu utasema nini? Ukijificha nyuma ya uongo, yeye ndiye atakayeonekana mkweli. Na zile salamu alizotuma, usidhani ni salamu. Anataka kujua kama bado unamwogopa. Unamwogopa, ndiyo, na mimi nakuogopea, lakini woga huu usikufunge miguu wiki hii.

Mumeo mwambie leo. Mwanamume aliyelala miaka kumi na miwili mlango ukiwa wazi, na mbu wote wale, bila kukudai sababu, huyo usimhukumu kabla hajasikia. Si lazima umsimulie kila kitu. Mwambie ni nani, ulikuwa na umri gani, na kwamba mtoto wenu ameitwa kwenye chumba kilekile. Akikasirika, hakikisha hasira hiyo haimpeleki nyumbani kwa mchungaji. Hakuna kumkabili. Mtampa nafasi ya kujipanga, au mume wako ndiye alale mahabusu.

Kabla ya Jumamosi nendeni wote wawili polisi, muulizie ofisa wa mashauri ya watoto, au ofisi ya ustawi wa jamii. Andika kwanza unachokumbuka: mwaka, chumba, maneno yake, nani alijua. Miaka kupita si sababu ya kunyamaza. Ukipuuzwa meza ya kwanza, nenda ya pili, na jina la aliyekupuuza liandike. Wapo wengine waliofagia chumba kile kabla yako na baada yako. Usiwafundishe la kusema, waambie tu kwamba wewe unakwenda.

Usianzie kwa wazee wa kanisa. Watakuombea, watakusihi uwe na subira, kisha watamhamisha kama walivyomhamisha zamani, na huko aendako pia kuna watoto wanaopenda kufagia. Wataambiwa, lakini waambiwe na mwenye sheria mkononi.

Kwa Kasuku, kaa naye mchana mkiwa mnafanya kazi ndogo ndogo, usimtishe wala usimhoji kama hakimu. Mwambie mwili wake ni wake, na mtu mzima yeyote akimwambia "hii ni siri yetu", aje akwambie, hata kama mtu huyo anaitwa mtumishi wa Mungu, na akikwambia hatapigwa. Hilo la mwisho lirudie mpaka akuchoke.

Joho usilishone. Ukishatoa taarifa, mumeo arudishe kitambaa na lile la zamani kwa akina mama. Wakiuliza, fundi amekataa kazi, basi. Fundi ana haki ya kukataa kazi. Wewe mwenyewe tafuta hospitali yenye mshauri wa watu waliopitia haya. Kumwaga pini si uchizi, mwanangu, ni jeraha lililokosa mganga miaka kumi na tisa.

Kuhusu mama yako nimeandika nikafuta mara mbili. Huenda naye aliogopa siku ile, huenda hata leo anaogopa kukubali kwamba alimfanya aliyeibiwa amwombe mwizi msamaha. Mtakuja kuzungumza, wakati wake utafika. Ila alijua, na bado akamtuma mtoto peke yake. Huyo kwa sasa hana sauti juu ya mtoto wako, alie asilie.

Nimekutumia namba yangu kwenye simu uliyoandika. Ukifika nje ya kituo miguu ikagoma, nipigie nije nikusindikize, magoti yangu mabovu lakini mdomo mzima.

Jumamosi mtoto asiende. Hata kwa robo saa, hata wakisema chumba kitakuwa wazi, hata akisindikizwa na bibi yake. Hasa akisindikizwa na bibi yake.