Jiwe Kwenye Shavu la Punda

Jumanne, 4 Machi

Uvimbe wa punda wetu si jipu. Nina hakika! Nimeushika: mgumu kama kokwa, hauna joto, mdomo haunuki. Akila unafura, akimaliza unapungua. Wakati wa chakula Mjomba anasema jipu ni jipu, Ijumaa asubuhi analipasua kwa wembe. Nikafungua mdomo nimpinge — nikaomba chumvi. Chumvi! Na mchuzi ulikuwa umekolea.

Jumatano, 5 Machi

Maktaba ya shule. Nimeuona uvimbe uleule kwenye picha! Kitabu kimeandikwa kwa lugha ya darasani, si ya nyumbani: mate huganda yakawa jiwe, jiwe likaziba mrija wa mate. Ukikata kwa nje, mate huenda yakavujia shavuni maisha yote. Hukatwa kwa ndani ya mdomo. Nimeelewa yote. Kuyasema nyumbani ndiyo kazi. Nimejaribu mbele ya kioo: jiwe la mate. Jiwe la mate.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema! Mjomba alikuwa ananoa wembe. Akacheka hadi akakaa chini. Eti mate yageuke jiwe? Basi wewe, kwa ulivyo bubu, kinywani una machimbo! Mama naye akacheka. Masikio yaliniwaka. Ila sikukimbia. Nikamwambia: Mjomba, mpe majani, halafu weka kidole hapa. Punda akatafuna. Uvimbe ukapanda chini ya kidole chake.

Mjomba akarudisha wembe kwenye kitambaa chake. Akasema haya, daktari wa mifugo apigiwe simu — na utakayemweleza ni wewe.

Mimi! Simu!

Sauti ilitetemeka. Maneno hayakutetemeka.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia juu ya ndoo, mlangoni mwa banda. Daktari ni mama mfupi asiyependa porojo. Amechoma sindano kwenye uvimbe — tk! Imegonga kitu. "Jiwe," akasema. "Nani aliliona?" Mjomba akaninyooshea kidole.

Dawa ya kumlegeza punda ameshapewa, na ganzi pia. Daktari anasema mkono wangu ni mwembamba, hivyo nitalishikilia jiwe lisirudi nyuma yeye akikata. Mjomba atashika kichwa. Anatetemeka kuliko punda! Sasa hivi kaninong'oneza: ataumia? Kaniuliza mimi, daktari yupo hapohapo! Nimemwambia hapana, Mjomba, wewe simama imara tu.

Kichwa cha punda kinainama. Daktari ananiita. Nimeitika kwa sauti hadi jirani kachungulia —