Sijapona, Nimekua

4 Machi

Mdogo wangu,

"Dada yangu alikuwa hivyo hivyo, akakua, akapona." Ndivyo ulivyomwandikia mwalimu mkuu, ukitaka mwanao Chiriku, wa miaka saba, atolewe darasa maalumu la watoto wanane, apelekwe la watoto sitini. Na nakala umeniletea, eti nijivunie! Hujambo lakini? Wifi je, na mgongo wako? Mimi mzima, cherehani inazunguka, na sijapona.

Usonji haukunitoka, umebadilika kadiri nilivyokua. Nikiwa mdogo, kengele ya shule ikilia nilipiga mayowe. Leo, na miaka yangu arobaini na sita, najua kelele itaanza saa ngapi na mlango wa kutokea uko wapi. Zamani sikuitikia salamu. Sasa naitikia zote, maana nilizikariri moja moja. Wateja husema nina macho ya upole. Nawatazama nyusi!

Kwenye harusi ya binti wa mjomba uliniona nikipokea wageni mia mbili, ukaniita malkia. Siku mbili zilizofuata nililala stoo, katikati ya majora ya vitambaa, nikishindwa hata kuomba maji. Hukuuliza.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo,

Huku wazima, ila umenichapa mpaka naogopa kushika kalamu. Ya stoo sikuyajua, nisamehe. Lakini una duka, unacheka, na darasa dogo hukupata. Nani alikusaidia? Wifi yako analia, anasema mtoto akibaki kule atabandikwa jina maisha yake yote. Fomu ya uhamisho inasubiri sahihi yangu Ijumaa.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mu wazima. Mwambie wifi afute machozi, asome na yeye.

Alinisaidia fundi aliyenifundisha kushona. Nilipochanganyikiwa na vipimo vya kutajiwa, hakunigombeza. Alileta daftari, mteja akaandika. Mpaka leo dukani kwangu mteja huandika vipimo vyake mwenyewe. Suruali iliyowahi kubana ni yako tu, na kipimo cha kiuno ulidanganya wewe.

Majina? Nilibandikwa tangu utotoni: kiburi, bubu, mkaidi. La kweli, usonji, nililipata nikiwa na miaka arobaini, nikacheka kwa raha. Maisha yangu nayapenda, sitaki huruma ya mtu. Lakini nilimpata yule fundi kwa bahati, baada ya miaka ya kuchapwa shuleni. Chiriku ana walimu wanaomwelewa sasa hivi, nawe unataka kumnyang'anya kwa kunitumia mimi kuwa mfano!

Usisaini. Wewe na wifi, leo hii mkalisheni mtoto mezani, mwulizeni anataka kusoma darasa gani, kisha fungeni midomo yenu mpaka ajibu, hata ikichukua saa nzima.

Dada yako