Swali la Nne la Mkaguzi

Kamina, tarehe 9 Juni 2025

Kwa dada yangu mkubwa mpendwa, yaya Clémentine, huko Mulongo,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na naomba karatasi hii ikukute nawe ukiwa mzima, uvimbe wa miguu umepungua, na mihogo yako ikikauka vizuri kwa jua hili la kiangazi. Habari za jirani yako aliyekuwa akikuibia nyavu, mmeshapatana? Na Mujinga anaendeleaje na masomo? Hapa baridi ya asubuhi imeanza, tunakwenda kazini tumevaa makoti mawili mawili. Mke wangu anakusalimu sana, anasema sahani mbili ulizosahau siku za matanga bado amekutunzia.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Mtandao wa kwenu si wa kutegemea, lakini si hiyo sababu. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninakokwenda, nami huwa nashukuru umenikatiza. Safari hii nataka nifike. Pasta Mwila anasafiri kwenda Malemba-Nkulu, ameniahidi atafika hadi kwenu kwa pirogi, kwa njia ya mto, na kukukabidhi bahasha hii mkononi. Tafadhali isome hadi mwisho kabla hujamwita mtu.

Kazi ipo. Treni inapita siku inayotaka yenyewe, na mimi bado niko depot ya reli nikisuka upya waya za mota zilizoungua. Mikono inafanya bila kuniuliza. Wiki mbili zilizopita nilishika chuma cha kulehemu upande wa moto, nikajua kwa harufu. Mke wangu alipokiona kidole alipiga kelele, mimi nikawa nakitazama tu. Nimekuwa hivyo siku nyingi, yaya. Nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu humu nitaandika mambo mazito kwa sauti ya mtu anayehesabu misumari, na sitaki udhani sina aibu. Aibu ipo, ila nimekufa ganzi.

Sasa habari yenyewe. Unaikumbuka mota ya marehemu mdogo wetu Séraphin, ile uliyokuwa ukimtania kwamba ni mke wake wa pili? Miezi michache kabla ya kufariki alikuwa ameiombea brevet, ile karatasi rasmi inayosema kitu hiki kilibuniwa na fulani na si mwingine. Alijaza fomu mwenyewe, akaweka majina mawili, lake na langu, kwa heshima tu ya mdogo kwa mkubwa. Karibu miaka miwili kimya. Mwezi wa nne jibu likaja kupitia kwa Madame Kabedi, yule mwalimu wa umeme wa shule ya ufundi aliyemsaidia na Kifaransa cha ofisini. Alikuja depot mwenyewe, bahasha mkononi, anacheka, akijua ananiletea furaha.

Kumbe karatasi hiyo haitolewi hivi hivi. Kuna mkaguzi anayesoma maombi mstari kwa mstari, anatafuta kama kitu hicho kilishabuniwa mahali pengine, kisha anauliza maswali. Huyu wetu hatumjui, tunaona sahihi yake tu. Lakini nikwambie kweli, ameisoma kazi ya Séraphin kwa makini kuliko mtu yeyote wa hapa, na mimi nikiwemo.

Vumilia nikueleze kidogo, maana bila hivyo hutaelewa lililobaki. Mota ina sehemu ya katikati inayozunguka, iitwayo rota, yenye sumaku, na sehemu isiyozunguka inayoizingira. Hiyo isiyozunguka ndiyo yenye bobini, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Sasa umeme wa hapa unaujua ulivyo mchovu. Kinu cha mihogo kikiwashwa kimejaa, mota inaguna mpaka inaungua. Séraphin akazigawa bobini katika makundi. Wakati wa kuanza, makundi yote yanasukuma pamoja. Kinu kikishapata mwendo, sanduku la swichi linayatoa mengine kazini, moja baada ya jingine, na mota inabaki nyepesi. Hata mimi niliyemfundisha kazi nilichukua siku tatu kuamini.

Mkaguzi aliuliza maswali manne. Katika la kwanza alisema kugawa bobini si jambo jipya, wengine walifanya kabla Séraphin hajazaliwa, akataja na namba za karatasi zao. Madame Kabedi aliumia sana, akaanza kumtetea marehemu kana kwamba mkaguzi amesimama pale mlangoni. Mimi sikuhisi kitu. La pili na la tatu tuliyajibu kwa michoro ya daftari lake. La nne lilihusu kifungo cha usalama. Séraphin alichora kwamba kila kundi linalotolewa kazini likatwe pande zake zote mbili, na kifuniko cha sanduku kijifunge, kisifunguke hata kwa nguvu mpaka mota isimame kabisa. Mkaguzi aliandika kwamba hicho ndicho pekee ambacho hakukiona kwa wengine, lakini maombi yetu hayakueleza kina faida gani. Kundi likishatolewa halipewi umeme tena, sasa kifungo cha nini? Akataka tueleze, kwa jaribio lililofanyika kweli, ni hatari gani inatokea kifungo kisipokuwepo. Tusipojibu kwa miezi mitatu, maombi yanaanguka na jina la Séraphin linaanguka nayo.

Madame Kabedi akasema si kazi ngumu, tufanye jaribio pale shuleni kwa taa ndogo, tupige picha. Nikamwambia hakuna haja, jaribio lilishafanyika. Akauliza lini, vidole tayari juu ya kompyuta. Nikamjibu: Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi. Tarehe hiyo anaijua, alikuja kwenye mazishi. Akatoa mikono yake juu ya meza, akaiweka mapajani.

Yaya, kama hujakaa, kaa sasa.

Asubuhi ile mota ilikuwa tayari lakini kifungo kilikuwa bado. Séraphin hakutaka tuwashe. Mimi nilikuwa nimeshampa mwenye kinu neno langu, naye alikuwa amealika watu waje kuona, nikasema kifungo tutaweka wiki ijayo. Akakubali, ila akaniomba nikate kwa koleo upande wa pili wa kila kundi tutakalolitoa, kabla mtu hajaligusa. Nikaitikia. Tukawasha. Ilizunguka vizuri, nilifurahi kama mtoto, na ile ndiyo furaha ya mwisho ninayoikumbuka. Baada ya muda kundi la tatu likaanza kupiga kelele, waya ulikuwa umelegea. Nikalitoa kwa swichi. Séraphin akainama juu ya sanduku akaniuliza juu ya umeme, akiniita yaya kama ninavyokuita wewe: “Yaya, hii ya tatu iko na courant?” Nikamjibu: “Ah-ah, nilisha kuikata. Shika tu.”

Nilikuwa nimekata upande mmoja. Ule wa pili nilikuwa nimeuacha, nikaona ni kupoteza muda. Na sumaku ilikuwa bado inazunguka mbele ya zile bobini, nayo ikizunguka hivyo, bobini hutoa umeme wake yenyewe hata kama umezinyima wa nje. Séraphin alilijua hilo, ndiyo maana alikichora kifungo. Mimi pia nililijua. Yeye aliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kushika koleo. Akanyoosha mkono wa kuume.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akainamisha kichwa. Tulikuwa wawili tu, wageni walikuwa hawajafika. Nilipozima mota alikuwa ameshakwenda. Kwenye kidole gumba na cha shahada palikuwa na alama nyeupe, ndogo kama punje ya mahindi. Nikamkunja ngumi kwa mikono yangu mwenyewe. Muuguzi alipokuja akauliza kama marehemu aliwahi kulalamika kifua, nikasema ndiyo.

Yaliyofuata uliyaona. Kwenye matanga uliuliza asubuhi ile alikula nini, mtu akajibu uji wa mke wake. Mkewe Mauwa alipoona maneno yanakwenda kwenye sumu alipiga magoti katikati ya wanawake akasema: “Muangalie vidole yake, minaomba. Vidole ya mukono ya kuume.” Ulimwambia asitupoteze. Jeneza lilikuwa bado halijapigiliwa. Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naye. Nikasema sikuona kitu.

Ni maneno mawili tu hayo. Kwa maneno hayo Mauwa alirudi kwao Kabondo-Dianda na furushi moja, na mimi ndiye niliyemtafutia nafasi kwenye behewa, watu wakanisifu kwa huruma. Wewe ukamchukua mtoto wao Mujinga aende kulelewa Mulongo, asile tena kwenye mkono ule. Begi la mtoto nililibeba mimi.

Sitaki kukudanganya kwamba moyo ulinichoma nikaamua kusema. Muda wote huu nimekwenda kanisani, nimeimba, na moyo haukunichoma. Mtu aliniuliza swali kwenye karatasi, na jibu lake lilikuwa moja. Nilimsomea Madame Kabedi, akachapa huku akifuta macho, nami nakuandikia lilivyo: kwamba kifungo kilipokosekana, kundi la tatu lilikuwa limetolewa kwa swichi, upande wake mmoja haukukatwa, rota ilikuwa ikizunguka, na mbuni Séraphin Kisimba alilishika baada ya kuhakikishiwa na mimi niliyeweka sahihi hapa kwamba halina umeme, akafa papo hapo. Tukaongeza kwamba jina langu liondolewe, kwa sababu sikubuni chochote, na kwamba haki zote ziwe za mjane wake na mtoto wake. Madame Kabedi aliniuliza kama ninajua kwamba jalada lile mtu yeyote anaweza kuliomba alisome. Nikasema ninajua. Jibu limeondoka tangu tarehe 26 Mei.

Juma lililopita nilipanda treni hadi Kabondo-Dianda. Mauwa amekonda. Anashona kwa mkono, maana cherehani yake ilibaki kwetu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, hakunipa kiti na sikutarajia. Hakunitukana. Aliendelea kushona hadi mwisho wa ule mshono, akakata uzi kwa meno, akaniuliza neno moja tu: “Na Mujinga, banamuambiaka nini juu yangu?” Nikaondoka, na cherehani nimeshaipakia kwenye treni iliyopita Alhamisi.

Yaya, ukinilaani uko sahihi. Familia ikikaa kunihukumu nitakuja, na aliye na haki ya kunipeleka polisi anipeleke, nyumba yangu anaijua. Lakini sina la kukuomba juu yangu. Nakuomba mtoto. Shule zikifungwa, mpeleke mwenyewe kwa mama yake, umshike mkono mpaka mlangoni. Najua itakuuma, kwa sababu ulimchukua kwa upendo na kwa upendo ukamwambia uliyomwambia. Uongo haukuwa wako, ulikuwa wangu. Wewe ulinisadiki kama alivyonisadiki Séraphin.

Nakomea hapa, mkono umechoka. Wasalimie wote wanaoniulizia, na umpe pasta Mwila samaki mkavu kidogo wa njiani. Mungu akulinde na akuongezee nguvu za miguu.

Nisalimie na Mujinga. Ila kabla ya salamu zangu, mwambie hili kwanza: uji wa asubuhi ile mama yake aliuleta ungali moto, bakuli moja, tukaunywa wawili, baba yake na mimi, na mimi ndiye niliyelimaliza.

Mdogo wako,
Gamaliel Kisimba