Maji ya sabuni mu freni

Josué, hauna haya? Mbele ya salamu, jibu: nani alikufundisha kutia maji ya sabuni mu freni ya motokari?

Sisi wote tuko wazima, mbuzi imezaa. Lakini jana tukienda misa, muke wako Delphine alikanyaga freni ku mteremko wa daraja ya Tshopo, motokari ikaendelea tu! Mutoto wako Jemima alikuwa ku magoti yangu. Magunia ya makala ya kupikia ya mama mumoja ndiyo ilitusimamisha. Fundi akafungua, povu ikatoka! Kila Jumapili unaipangusa inang'aa, lakini kapo, kifuniko ya injini, unafungua tu kwa kutia sabuni!

Rudia kutoka Isangi na mafuta ya freni ya kweli. Utakuwa wa kwanza kushuka ile mteremko na motokari, peke yako, mimi nikiangalia.

Koko wako, bibi yako, Agathe